MBA ukiwa Mombasa: ithibati ya CUE, muhuri wa kimataifa, au shahada ya mtandaoni kutoka ng'ambo?

Kwa mtu anayefanya kazi bandarini Kilindini, benki ya Moi Avenue, hoteli ya Nyali au ofisi ya kaunti, mazungumzo ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, huanza na karo, kisha ratiba. Darasa ni la jioni au la wikendi? Karo inalipwa kwa awamu? Miaka miwili inatosha kweli? Ithibati huulizwa mwisho, tena kwa swali fupi: kozi imetambuliwa? Jibu likiwa ndiyo, fomu inajazwa.

Jibu hilo halitoshi. Wanaotambua ni wengi, na kila mmoja hukagua kitu chake. Mmoja amekagua chuo kizima asiiguse MBA yenyewe. Mwingine amekagua MBA peke yake. Wa tatu amekagua shule ya biashara na kila kinachofundishwa ndani yake. Na wako wasiokagua chochote ila kama malipo yameingia.

Kwa mkazi wa Mombasa njia ziko tatu. Kuna MBA ya hapa hapa yenye idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, yaani CUE. Kuna MBA ya shule yenye muhuri wa kimataifa, hasa AMBA, AACSB au EQUIS. Na kuna MBA ya mtandaoni kutoka chuo cha nje, unayoisoma sebuleni Bamburi bila kumwona mhadhiri ana kwa ana. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa anayetarajia kuendelea kufanya kazi Kenya, idhini ya CUE kwa programu yenyewe, katika kampasi yenyewe, haina mbadala. Muhuri wa kimataifa una thamani ya kweli, lakini kwa watu wa aina fulani. Na katika njia ya tatu ndiko wengi wanakopoteza pesa.

Ukaguzi unavyofanyika

Ithibati yoyote ya maana hupitia hatua zinazofanana. Chuo huandika ripoti ya kujitathmini: kinafundisha nini, nani anafundisha, wanafunzi wanaingia na sifa gani, wanatoka wakiweza nini, fedha zinatoka wapi. Baadaye huja jopo la wataalamu kutoka vyuo vingine, na mara nyingine mtu wa sekta ya biashara. Wanaketi na wahadhiri, wanazungumza na wanafunzi, wanaingia maktaba, wanasoma mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Mwishoni hutolewa uamuzi: kukubali, kukubali kwa masharti au kukataa. Muda uliowekwa ukiisha, kazi inaanza upya.

Mimi naipa uzito zaidi ile hatua ya kwanza kuliko cheti kinachotundikwa ukutani. Idara inayolazimika kuandika ni wanafunzi wangapi walianza, wangapi walimaliza na wangapi wamekwama kwenye tasnifu haiwezi kujificha mbele ya takwimu zake yenyewe. Hapo ndipo ubora unapoanza kupatikana, kabla ya mkaguzi hajapanda treni kuja Mombasa.

Lakini ithibati ina mpaka wake. Ni kama stika ya ukaguzi kwenye kioo cha matatu: inakuambia breki zilikuwa nzima siku ile gari lilipokaguliwa, haikuambii dereva wa leo anaendeshaje. Kwa hiyo lazima ujue nani alikagua, alikagua lini, na alikagua kitu gani hasa.

CUE: msingi ambao bila huo hakuna la kujadili

CUE iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ikarithi kazi za tume iliyokuwepo tangu 1985. Hukagua ngazi mbili. Kwanza chuo chenyewe: kina chata kamili, yaani hati ya kudumu ya kuwa chuo kikuu, au kinaendesha shughuli kwa barua ya mamlaka ya muda? Pili, kila programu ya masomo. Chuo chenye chata hakipati kwa hilo ruhusa ya kuanzisha kozi yoyote kinayoitaka. Kinatakiwa kupeleka mtaala, orodha ya wahadhiri na sifa zao, vifaa na mpango wa usimamizi wa tasnifu, kisha kisubiri idhini kabla ya kupokea wanafunzi.

Hili la pili ndilo linalowapita watu wengi. Hapa Mombasa tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, pale Tudor, chenye mizizi katika MIOME, chuo cha Waislamu kilichoanza kufundisha ufundi miaka ya 1950, na kilichopata chata mwaka 2013. Kilifi tuna Chuo Kikuu cha Pwani, nacho kikapata chata mwaka huo huo. Juu ya hivyo, vyuo vikubwa vya bara kwa miaka mingi vimekuwa na kampasi mjini: Nairobi, Jomo Kenyatta, Mount Kenya, Methodist na vinginevyo. Vyote ni vyuo halali. Lakini uhalali wa chuo si uhalali wa kila kitu kinachotangazwa kwenye bango lake, wala idhini ya kampasi kuu haihami yenyewe kuja Pwani. Kampasi nayo hukaguliwa, kwa sababu maktaba iliyopo Nairobi haimsaidii mtu anayeazima kitabu Mombasa, na mhadhiri anayeshuka mara moja kwa mwezi si sawa na aliyeajiriwa hapa.

Kwa hiyo ukienda kuulizia, usiulize tu kama chuo kimeidhinishwa. Tovuti ya CUE ina orodha ya programu zilizoidhinishwa, chuo kwa chuo. Tafuta jina la kozi kama litakavyoandikwa kwenye shahada yako, neno kwa neno. MBA ya kawaida na MBA ya usimamizi wa usafirishaji au ya fedha za Kiislamu zinaweza kuwa programu mbili mbele ya tume. Ukiambiwa jina ni jipya na idhini iko njiani, mwambie mhusika akupigie simu itakapofika. Usilipe hata amana.

CUE inahakikisha nini? Inahakikisha kiwango cha chini kinachokubalika. Anayefundisha awe na shahada ya juu kuliko ile anayoifundisha, hivyo mhadhiri wa uzamili anatarajiwa kuwa na uzamivu. Muda wa masomo uwe wa kutosha. Mitihani ipitiwe na mtahini wa nje. Tasnifu iwe na utaratibu wa kusimamiwa na kutetewa. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa, unaosimamiwa na mamlaka ya kitaifa ya sifa, KNQA, chini ya sheria ya mwaka 2014, shahada ya uzamili iko ngazi ya 9, na ngazi ya 10 ni uzamivu. Mwajiri wa serikali anapotazama cheti chako, hiyo ndiyo ngazi anayoitafuta.

Na waajiri wanatazama kuliko zamani. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya watumishi ulibaini vyeti 2,067 vya kughushi. Baada ya hapo ofisi nyingi hazikubali nakala iliyopigwa muhuri wa wakili peke yake. Zinaandikia chuo kuuliza. Mwenye shahada ya programu isiyo katika orodha ya CUE hajaghushi chochote, lakini atajikuta kwenye foleni moja na walioghushi, akijieleza.

Sasa upande wa pili wa CUE, nao nausema bila kuficha. Tume hukagua vyuo vingi kwa rasilimali chache, na baadhi ya mambo huyaona yakiwa yameshatokea. Mnamo Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilitunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, nyingi zikiwa za masuala ya biashara na usimamizi wa rasilimali watu. Nchi ilishtuka, waziri akaagiza uchunguzi, na CUE ikaingia kuchunguza jinsi wanafunzi walivyosimamiwa. Programu hizo zilikuwa na idhini. Idhini ilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, swali likawa idadi ya wasimamizi na muda waliopewa wanafunzi. Kwa mtafuta MBA, somo la tukio hilo ni dogo na la vitendo: uliza msimamizi mmoja wa tasnifu ana wanafunzi wangapi mwaka huu. Mkuu wa idara mwenye mambo yaliyonyooka atakujibu papo hapo.

Kuna jingine ambalo orodha ya CUE haiwezi kukuonyesha, nalo kila aliyesoma Kenya analijua: alama zinazopotea. Umefanya mtihani, umekaa darasani, lakini kwenye matokeo panaonekana pengo, na mahafali yanakupita ukizunguka ofisi kwa ofisi. Hili ni suala la ubora sawasawa na sifa za mhadhiri, na mwenye habari zake ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, si brosha. Mtafute mmoja kantini, mnunulie chai, muulize matokeo ya muhula uliopita yalitoka lini.

AMBA, AACSB na EQUIS: muhuri unaokagua zaidi ya kiwango cha chini

Mihuri hii mitatu hutajwa pamoja, na shule yenye yote mitatu husemwa ina taji tatu. Duniani shule kama hizo ni zaidi ya mia moja tu kati ya maelfu mengi. Afrika zipo chache: Stellenbosch ndiyo iliyotangulia miongoni mwa vyuo vikuu vya bara hili, na Cape Town pamoja na Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo nazo zimefika. Lakini kuitaja pamoja kunaficha tofauti ambazo kwa mwanafunzi ni kubwa.

AMBA ni ya London, ilianza mwaka 1967, na hukagua programu. Kwa anayetafuta MBA peke yake, huu ndio muhuri unaogusa moja kwa moja kile anachonunua. Unataka programu iwe na saa 1,800 za kujifunza kwa jumla, darasa lisiwe dogo kupindukia, na kila mwanafunzi awe amefanya kazi kwa miaka mitatu angalau baada ya shahada ya kwanza.

Sharti hilo la uzoefu nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu naliona ndilo lenye akili kuliko yote. Katika MBA, nusu ya elimu hutoka kwa uliyeketi naye. Mkijadili msongamano wa makontena na aliye kando yako amefanya kazi miaka sita katika kampuni ya klaringi na fowading, atakwambia kwa nini mzigo ulikwama, nani alichelewesha hati, gharama za kuhifadhi zilipandaje. Meneja wa hoteli ya Diani atakueleza anavyoishi kuanzia Aprili hadi Juni vyumba vikiwa vitupu na mishahara ikisubiri. Weka darasani vijana waliomaliza shahada ya kwanza mwaka jana, na mjadala huo huo unageuka kusomeana slaidi. Shule nyingi za hapa hupokea aliye na daraja la pili la juu bila kudai uzoefu, na anayekuja na daraja la pili la chini ndiye anayeulizwa miaka ya kazi. Ni halali kabisa. Lakini kwa maoni yangu inaipunguzia MBA ladha yake, na hapo AMBA inaipita CUE kwa mbali.

AACSB ni ya Marekani, ilianzishwa mwaka 1916, na haikagui programu moja bali shule nzima: shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu katika biashara. Viwango vyake vya 2020 ni tisa, na kiini chake ni mambo mawili. La kwanza ni wahadhiri. Hawaulizi tu kama mhadhiri ana uzamivu. Wanauliza kama bado anaufanyia kazi. Aliyepata uzamivu miaka ishirini iliyopita na hajaandika utafiti wala kushauri kampuni yoyote tangu hapo hahesabiwi. Kwa kawaida asilimia 90 ya nguvu ya kufundisha itoke kwa wahadhiri walio hai katika utafiti au katika kazi, na asilimia 40 iwe ya watafiti wanaochapisha. La pili ni kuthibitisha kwamba mwanafunzi amejifunza. Shule hujiwekea malengo, mathalani mhitimu aweze kuchambua hesabu za kampuni na kutetea uamuzi wake, kisha hupima kama wahitimu wanaweza, na wakionekana hawawezi hubadilisha mtaala na kuonyesha imebadilisha nini. Mzunguko huo wa kupima na kurekebisha ndio ningependa sana uigwe hapa kwetu, hata bila kulipia muhuri.

EQUIS, ya taasisi ya EFMD iliyo Brussels, ilianza mwaka 1997. Nayo hukagua shule nzima, kwa miaka mitatu au mitano, na huegemea zaidi uhusiano na makampuni, sura ya kimataifa, maadili na uendelevu. Kwa mtu wa Mombasa anayechagua MBA hii leo, ni muhuri wa kuujua tu. Si wengi watakaokutana nao.

Mihuri yote mitatu ina gharama, na gharama hulipwa kwa pauni, dola au yuro. Kuna ada ya uanachama, ada ya maombi, safari za wakaguzi na miaka kadhaa ya maandalizi. Kwa hiyo chuo cha umma cha Pwani kisicho na muhuri huo si lazima kiwe dhaifu. Huenda kimechagua kulipa wahadhiri kwanza, na uamuzi huo mimi nauheshimu. Na karo ya shule iliyo nao, kwa kawaida, huwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma.

Wala muhuri hauondoi uongo. Mwaka 2018 Shule ya Biashara ya Fox, katika Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia, shule yenye ithibati ya AACSB, ilibainika kuwa ilikuwa ikitoa takwimu za uongo kwa miaka kuhusu MBA yake ya mtandaoni ili ishike nafasi ya kwanza katika orodha za ubora. Aliyekuwa mkuu wake alitiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama mwaka 2021. Tukio hilo linafundisha kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa sana kwenye matangazo. Orodha za nafasi za vyuo hutegemea takwimu ambazo vyuo vyenyewe vinazipeleka. Ithibati hutegemea watu waliokuja kukagua. Tangazo likisema "tumeshika nafasi ya kwanza" bila kusema nani amewapa ithibati, hujajibiwa.

Zikiwekwa kando kwa kando

Kuhusu mhadhiri, CUE inauliza cheti chake, AACSB inauliza amefanya nini miaka ya karibuni, AMBA inauliza yote mawili kwa kiasi na kuongeza kama anajua kufundisha watu wazima wenye kazi. Hapa muhuri wa kimataifa unashinda.

Kuhusu wanafunzi wenzako, AMBA iko mbele, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Kuhusu kazi, mambo yanageuka. Serikali ya kaunti, Mamlaka ya Bandari, benki ya Kenya, shirika la umma: wote wanaanza na swali la CUE. Muhuri wa AMBA bila idhini ya CUE au utambuzi wa Kenya hauwafungulii mlango. Kampuni ya meli ya kimataifa yenye ofisi Mombasa na makao makuu Ulaya inaweza kuujua muhuri huo na kuuthamini, hasa ikifikiria kukuhamisha. Mwajiri wa Dubai au Johannesburg pia. Lakini meneja wa kiwanda cha Changamwe ataangalia jina la chuo na kazi uliyofanya, basi.

Kuhusu maisha ya kila siku, chuo cha mjini kinashinda bila mjadala. Anayeishi Likoni anatoka kazini, anasoma hadi saa mbili usiku, anavuka feri, analala kwake. Anayesoma MBA ya Nairobi kwa vipindi vya wikendi anapanda treni ya SGR Miritini, karibu saa tano kwenda na saa tano kurudi, na gharama ya malazi juu yake. Wapo wanaofanya hivyo na hawajuti. Wapo pia walioacha mwaka wa pili kwa uchovu, na shahada ambayo haikumalizika haina ithibati yoyote.

Kuna ithibati ya kati ambayo watu hawaizungumzii sana. USIU-Africa ya Nairobi, kwa mfano, ina idhini ya CUE na pia ithibati ya WSCUC, shirika la ithibati la Marekani. Ni jambo zuri, na linasaidia anayetaka kuendelea na masomo Marekani. Ila elewa kwamba WSCUC hukagua chuo kizima, si MBA peke yake, hivyo usiilinganishe moja kwa moja na AMBA. Vilevile kuna AABS, jumuiya ya shule za biashara za Afrika, iliyobuni ithibati yake kwa kuzingatia mazingira yetu: biashara ndogo, sekta isiyo rasmi, mchango wa shule kwa jamii inayoizunguka. Naitakia mafanikio, maana mkaguzi anayeelewa soko la Kongowea atauliza maswali ambayo wa London hatayafikiria. Na kwa anayewaza kuvuka Lunga Lunga kwenda Tanga au Dar es Salaam, au kwenda Kampala, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lina mfumo wa pamoja wa sifa, na marais wa jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017. Shahada iliyopita CUE, au TCU, tume ya vyuo vikuu upande wa Tanzania, ndiyo inayosafiri katika mfumo huo.

MBA ya mtandaoni kutoka nje

Hapa pana dhahabu na pana takataka, na kwa mbali vinang'aa sawa. Vyuo imara vya Uingereza, kama Heriot-Watt kupitia shule yake ya biashara ya Edinburgh, vimefundisha MBA kwa masafa kwa miongo mingi. India ina tume ya vyuo vikuu, UGC, na NAAC, chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo. Falme za Kiarabu zina tume yao ya ithibati. Familia nyingi za Pwani zina watoto waliosoma huko, hivyo nchi hizo si ngeni kwetu.

Upande wa takataka, kisa cha Axact ya Karachi kinatosha. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba kampuni hiyo iliendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, ikauza shahada duniani kote. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ilikuwa imetengeneza pia tovuti za mashirika ya ithibati, ili mteja mwangalifu akienda kuhakikisha, akute chuo chake kwenye orodha. Mnunuzi aliuliza swali sahihi akajibiwa na mwizi yule yule.

Kwa hiyo usianze na tovuti ya chuo. Anza na serikali ya nchi husika. Kama chuo kinasema ni cha Uingereza, serikali ya Uingereza inayo orodha ya walioruhusiwa kutoa shahada. Kama ni cha Marekani, shirika lililotoa ithibati litafutwe kwa CHEA, baraza la huko linalotambua mashirika ya ithibati, au kwa idara ya elimu ya huko. Shirika lenye jina refu lenye maneno "kimataifa" na "dunia", lisilojulikana na serikali yoyote, si ithibati. Na wanaokuahidi MBA kwa miezi mitatu kwa kuhesabu "uzoefu wa maisha" wanauza karatasi.

Hata chuo kikiwa safi, shahada ya nje italazimika kutambuliwa na kulinganishwa hapa Kenya kabla mwajiri wa umma hajaikubali. Fanya ulizo hilo kwa maandishi kabla ya kulipa, ukitaja chuo, jina la programu na kwamba utasoma kwa mtandao. Barua pepe ya jibu ihifadhi pamoja na risiti.

Nani achukue ipi

Mtumishi wa umma anayehitaji uzamili ili apande cheo, mwenye familia na mkopo wa SACCO, achague programu iliyo kwenye orodha ya CUE katika chuo kilicho karibu naye. Kati ya viwili vilivyoidhinishwa, achague chenye wahadhiri wakazi wengi na wanafunzi wanaomaliza kwa wakati, hata kama karo imezidi kidogo. Tofauti ya karo ni ndogo kuliko hasara ya mwaka mzima wa kusubiri alama.

Meneja wa miaka kumi kazini, anayelipiwa na kampuni au mwenye uwezo, na anayewaza kuhamia kampuni ya kimataifa, atafute AMBA au AACSB, iwe Nairobi, Afrika Kusini au kwa masafa, na ahakikishe shahada hiyo inatambuliwa Kenya. Kwake yeye darasa la wenye uzoefu litalipa kuliko muhuri wenyewe.

Kijana aliyehitimu juzi na hajapata kazi, ningemwomba asubiri. Afanye kazi miaka miwili au mitatu kwanza, hata ya mshahara mdogo, kisha arudi. Pesa hizo za MBA zikimlemea mzazi leo, zitamnunulia cheti ambacho bado hana la kukijazia.

Na yeyote atakayechagua yoyote kati ya hizi, siku ya kujisajili apige nakala ya barua ya idhini ya programu na ukurasa wa orodha ya CUE wenye tarehe, na kila muhula ahifadhi muhtasari wa kila somo pamoja na karatasi ya matokeo. Anayeomba uzamivu nje au utambuzi wa shahada katika nchi nyingine huulizwa hati hizo, na kuzipata kutoka ofisini miaka mitano baadaye ni kazi ngumu kuliko kuzitunza.